Mkunga wa Wengi

Pale Bugene, barabara ya kwenda Kayanga inapoanza kupanda, kuna benchi refu mbele ya duka la Dafroza. Anayekaa pale asubuhi hununua kikombe cha kahawa ya kunywa, hupewa na punje chache za kahawa ya kutafuna, kisha hupewa jina. Mimi naitwa Mwalimu, maana nusu ya wanaokaa pale nimewafundisha, na hawakuona haja ya kunitafutia jingine. Elipidius anaitwa Waziri kwa sababu hakuna kamati asiyoiongoza. Nolasco, fundi simu, ni Mtandao. Mzee Egbert ni Rufaa; hajawahi kukubali hukumu yoyote, hata ya mvua. Ijumaa ile nilikwenda pale na shida moja tu, nayo ilikuwa ya mwanafunzi wangu.

Wiki iliyotangulia tulimzika Bibi Anonciata, mama yake Waziri. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mjukuu wake, Deodatus, aliye kidato cha tatu darasani kwangu. Sijawahi kusikia wasifu mzuri kama ule msibani. Ulisema marehemu alikuwa mkunga aliyewapokea watoto wengi wa Karagwe kwa mwanga wa kandili. Ulisema alilea yatima, na jioni alipenda kukaa akitazama machweo. Padre alivua miwani akaifuta.

Baada ya mazishi nilifundisha somo la akili mnemba. Niliwaambia wanafunzi kwamba chombo hiki kikikosa habari hutunga bila kuona haya, na kwamba anayeyapeleka maneno yake kwa watu ndiye anayeyabeba. Niliwaambia pia kwamba kosa likitoka bado linarekebishika, mtu akilisema mapema. Kipindi kilipokwisha Deodatus alibaki kwenye dawati. Alikuwa ameiandikia simu jina la bibi yake, mwaka wa kuzaliwa na neno Karagwe. Yaliyobaki yote simu ilijitungia.

Alitaka kuwaambia watu wa nyumbani. Waziri, baba yake mkubwa, akamkataza. Na kesho yake, Jumamosi, fundi alikuwa aandike kwenye saruji ya kaburi: Mkunga wa Wengi.

– Waziri, nikaanza, mwache kijana aseme mbele ya familia. Ni maneno mawili tu.

– Mwalimu, watu wamelia. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nikamweleza kwamba methali hiyo ni ya kushauriana, si ya kulia. Akasema kulia nako ni ushauri.

– Lakini mama yako hakuwa mkunga.

– Nani kasema?

– Wewe. Tangu nikujue unasema alikuwa mkulima.

– Ukulima ni kazi ya mchana, Mwalimu. Ukunga ni usiku.

Nikanywa kahawa kidogo. Nilianzia kazi darasa la kwanza, na huko nilijifunza kuhesabu moyoni kabla ya kujibu.

Mtandao akaingilia kati kutusaidia, alivyosema mwenyewe. Kwa maelezo yake simu zote husikiliza. Kile kitochi, kijisimu cha marehemu, kilikuwa kinasikia mambo yake yote na kuyapeleka juu, na huyo Mnemba akayakuta huko yamepangwa vizuri. Nikamkumbusha kwamba kitochi kile alikiuza yeye, kwamba hakikuwa na intaneti, na kwamba betri yake ilishikiliwa na mpira wa kufungia madaftari.

– Ndiyo hasa, akasema Mtandao. Kilichofungwa mpira hakimwagi siri. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

– Ngamani ni wapi?

– Huko Kyerwa, ukishapita Kibingo.

Dafroza, aliyekuwa akimimina kahawa, akasema tusibishane sana, maana hata yeye Bibi Anonciata ndiye aliyempokea. Nilimkazia macho. Mama yake Dafroza hutuhadithia kila Krismasi jinsi alivyomzaa hospitali, umeme ukakatika, na daktari akapiga chafya.

– Kwani hospitali hakuna wakunga? akasema Dafroza.

– Hata mimi alinipokea, akasema Rufaa.

– Mzee Egbert, wewe ulimzidi marehemu miaka miwili.

– Ndiyo maana nasema alikuwa na kipaji.

Hapo niliweka kikombe chini. Ilikuwa wiki moja tu tangu wasifu usomwe, na tayari watu wazima wawili walikuwa wamezaliwa upya. Nikajaribu kwa kahawa, kwa sababu kahawa kila mtu wa pale anaijua. Nikawauliza mtu akichanganya mawe kwenye gunia lake kabla ya kulipeleka kuuzwa chama cha msingi cha ushirika, tunamwitaje.

– Inategemea, akasema Rufaa. Gunia si linakuwa zito?

– Linakuwa zito, lakini halinyweki.

– Basi atalikatia rufaa mnywaji.

Mtandao alikuwa ameshapata nadharia mpya. Alidai Mnemba hasemi uongo, ila husoma maisha ambayo mtu alipangiwa akakosa kuyaishi. Mungu alimpangia Anonciata ukunga, ndoa ikawahi. Rufaa akataka kujua siku ya mwisho mtu atahukumiwa kwa maisha yapi, na kama mtu anaweza kuomba ahukumiwe kwa yale yaliyo mazuri zaidi. Dafroza akasema yeye angeomba. Wakalijadili jambo hilo kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye kikao cha wazazi.

Waziri peke yake hakuchangia. Alikuwa akitafuna kahawa na kutazama barabara.

– Mwalimu, akasema baadaye, kwa sauti ya chini. Mama yangu alilima. Nani hapa hajalima? Nikimwandika mkulima, atakuwa kama mgomba mmoja katikati ya shamba. Yule mtoto amempa bibi yake kitu. Unataka akampokonye kaburini?

Sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa nimechoka tu.

– Deodatus ameniuliza, nikamwambia, kama somo lile ni la mtihani au ni la kuishi. Nimjibu nini?

– Mwambie ni la mtihani.

Pikipiki ikasimama mbele ya duka. Akashuka mama mzee aliyejifunga kanga mbili, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi na macho ya mtu aliyetoka kuugua. Alikuwa Mackrine wa Songambele, mdogo wake marehemu, ambaye homa ilimzuia kuja kuzika. Tulisimama wote. Shikamoo zikapita, pole zikapita, Waziri akampokea ndizi na kumkalisha.

– Karibu, mama mdogo.

Dafroza akampa punje za kahawa mkononi. Kisha, kwa kumfariji, akamsimulia msiba ulivyokuwa: wasifu uliosomwa, watoto wote waliopokewa kwa mwanga wa kandili, padre na miwani yake. Mtandao akaongeza yatima. Rufaa akaongeza kwamba kulikuwa na usiku mmoja wa mapacha. Huo haukuwamo hata kwenye wasifu. Mackrine aliwasikiliza wote bila kumkata mtu, akizigeuzageuza punje mdomoni.

– Mkunga, akasema.

– Ndiyo, mama mdogo, akasema Waziri.

– Anonciata wetu, kuku akichinjwa, alikimbilia migombani. Uchungu uliponishika mimi tulikuwa wawili tu nyumbani. Alitoka mbio akaita jirani, akabaki nje analia kwa sauti kuliko mimi. Hakumtazama mtoto mpaka alipooshwa. Halafu akamshika, na hakumweka chini mpaka kesho yake. Nimemcheka kwa hilo maisha yote, na yeye akicheka.

Waziri alikuwa ameinamia mkungu wa ndizi kana kwamba anautafuta mwanzo wake.

– Huyo mkunga Mungu amrehemu, akaendelea Mackrine. Mimi simjui. Nimekuja kumlilia dada yangu. Waitu, ndugu zangu, yeye mlimzika wapi?

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, akangoja. Kaburi lilikuwa juu kidogo tu, mwendo wa kutembea, na kila mtu pale benchini alikuwa ametupa udongo wake. Hakuna aliyeinua mkono kumwelekeza.