Watu Mia Mbili na Kumi na Wawili wa Bwana Hewa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutufariji, kabla sijasoma niliyoandika, naomba mwone pamoja nami chumba kimoja nyuma ya hospitali ya wilaya, sakafu ya saruji, mitungi ya oksijeni imesimama mistari mitatu kama watoto kwenye gwaride, imefungwa mnyororo isianguke, na mlangoni, juu ya kigoda, mwanamume ameshika kitabu kisicho na jalada, penseli sikioni, uso kama wa mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Huyo ndiye kaka yangu, ambaye wauguzi walimwita Bwana Hewa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne, mimi nikiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, na mwaka 1981 akapata cheti cha ufundi wa mitambo ya gesi. Mama alitusimulia kwamba tangu mdogo alikuwa mtu wa wasiwasi, halali mpaka ahakikishe mlango umefungwa na sote tumo ndani. Tarehe 3 Mei 1982 aliajiriwa hospitalini kutunza mitungi, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu Machi 2021, bila mgonjwa hata mmoja kuishiwa hewa katika zamu yake. Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni fundi umeme, na mwana, ambaye ni dereva wa lori.

Mwaka 2009 daktari mmoja aliyehama alimwachia sanduku la vitabu, na ndani yake mlikuwa na vitabu sita kati ya saba vya hadithi moja ndefu, ya watu wanaohamia Mwezini, kisha Mirihi, kisha miezi ya Mshtarii na ya Zohali. Hakuna uchawi humo, kila kitu ni hesabu, maji kiasi gani, mafuta kiasi gani, hewa ya siku ngapi, na kaka alizikokotoa zote upya pembeni mwa kurasa. Kitabu cha sita kiliishia pale chombo kinapoondoka kwenda Zohali na watu mia mbili na kumi na wawili, safari ya siku mia moja na tisini, naye akapiga hesabu akakuta hewa inaishia siku ya mia moja sabini na tisa. Kitabu cha saba hakikupatikana. Kwa miaka mingi aliweza kuweka kijiko chini katikati ya chakula na kusema, siku kumi na moja, na wifi yangu akamjibu kwamba hao ni watu wa karatasi, hata kukohoa hawajawahi, naye akasema hewa ni hewa.

Mwaka 2022 mapafu yake yalianza kukakamaa, na tarehe 22 Aprili 2024 alilazwa katika hospitali ileile, akaomba kitanda kigeuzwe aione geji ya mtungi wake. Muuguzi mkuu alimwambia, Bwana Hewa, safari hii wewe ni mgonjwa, si fundi, lakini akakigeuza. Wiki hiyo binti yake alikipata kitabu cha saba kwa muuza vitabu vikuukuu, nami nikawa namsomea kila alasiri. Siku ya kwanza niliruka mistari ya tarakimu nisimchoshe, akainua kidole, akasogeza barakoa ya hewa na kusema, "Mwalimu, umeruka." Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kunikamata hivyo.

Nikarudi nyuma, nikasoma kila tarakimu, mpaka ukurasa wa sitini na moja, ambapo abiria wametajwa kwa umri, na arobaini kati yao hawajafika miaka saba.

"Kaka," nikamwambia, "umewahesabu watoto kama watu wazima."

Aliomba penseli, akanirudishia mimi, akawa ananitajia nami nikiandika, kila mtoto nusu ya hewa ya mtu mzima, hewa ikafika siku ya mia moja tisini na saba. Saba zinabaki. Alasiri hiyo aliomba kitanda kigeuzwe tena, kielekee dirishani.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, tukiwa ukurasa wa mia tatu themanini na nane, chombo hakijafika. Sijathubutu kusoma mbele, kwa maana nahofu mwandishi asije akawa na hesabu tofauti na yetu, ila binti yake ameniambia, shangazi, tutakimaliza pamoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliokuja kila asubuhi kumtajia geji inasoma ngapi, na majirani ambao hawakutuacha peke yetu hata siku moja.

Pumzika kwa amani, kaka, tumehesabu mara mbili. Nanyi mliokuja, nawaomba mkumbuke jambo moja tu, leo mkifika nyumbani, kabla ya kufunga mlango, hesabuni mliomo ndani, na watoto muwahesabu kwa hesabu yao.