Mikono Mapajani: Kwaheri ya Bi Somatena

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Somatena wa kitengo cha kompyuta atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi litasomwa kwenye cheti. Hapa tutumie hili tulilompa sisi wenzake, maana amelitolea jasho. Hadi juzi faili lake la utumishi lilikuwa na barua kumi na nne za pongezi na moja ya onyo. Hiyo ya onyo nitaifikia.

Alianza masjala, akibeba mafaili ya wagonjwa kutoka rafuni hadi wodini. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa miezi miwili imefunikwa kitambaa, kila mtu akiipita kwa mbali. Yeye aliuliza kitabu chake cha maelekezo kiko wapi. Alikisoma, kisha akakisoma tena. Baada ya miaka mingi ndiye aliyesimika seva yenye mfumo wa Linux inayotunza kumbukumbu za kliniki ya watoto: nani kachanjwa, lini, sindano ipi.

Desturi yake inajulikana. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutekeleza amri, anaondoa mikono kwenye kibodi, anailaza mapajani, anaisoma amri kwa sauti tangu mwanzo. Halafu anasema, soma tena. Wakuu wa idara wamesubirishwa hivyo wakiangalia saa zao. Mumewe anatuambia kuwa barua yake ya kwanza ya mapenzi ilijibiwa baada ya wiki sita, tena kwa maswali matatu. Sisi tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, ndiyo sababu nimeomba niandike mimi.

Seva yetu si sanduku la kugusa kwa mkono. Imo ndani ya mashine kubwa ya kampuni inayotukodisha nafasi. Kwa mtindo wa zamani ilikuwa kama mgeni anayeamshwa na mwenyeji wake kila asubuhi. Mwaka jana kampuni ilitangaza kuwa mtindo huo unafungwa. Seva zote zihamie mtindo mpya, ambamo kila moja inajiamsha yenyewe kama mashine kamili. Ukishahama, huwezi kurudi. Siku tuliyopangiwa ilikuwa Jumapili, na kliniki inafunguliwa Jumatatu saa moja asubuhi.

Maandalizi nilipewa mimi. Nilitengeneza nakala ya seva, nikaifanyia majaribio wiki tatu. Katika mtindo mpya diski hubadilika majina, kwa hiyo niliirekebisha orodha ambamo seva husoma majina hayo. Nakala iliamka vizuri kila mara, nami nikavimba kichwa. Kumbe orodha niliyorekebisha ni ya nakala peke yake. Nilimtibu pacha, mgonjwa nikamwacha vilevile. Ijumaa Bi Somatena aliniuliza kama nimeisoma orodha ya seva yenyewe. Nikamwambia nimeisoma. Sikuwa nimeisoma.

Jumapili saa nane mchana tukahama. Seva ikaamka, ikaandika mistari kadhaa, kisha ikagoma: inaitafuta diski ya kumbukumbu, haiioni. Muuguzi mkuu wa kliniki alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni na orodha ya watoto mia mbili na kumi na wawili wa kesho yake. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, lakini kuirejesha kungechukua siku mbili. Akauliza kama awapigie akina mama wasije.

Bi Somatena alilaza mikono mapajani. Akausoma ule mstari wa mwisho kwa sauti, akausoma tena. Akasema diski ipo, ila tunaiita kwa jina ambalo si lake tena. Hakuuliza nani kasahau. Aliinuka, akaniachia kiti chake, akaniamuru niandike upya kwenye ile orodha. Yeye alinisomea namba ya kudumu ya diski, ile isiyobadilika hata mtindo ukibadilika: herufi na tarakimu thelathini na mbili, na vistari vinne, kimoja kimoja, bila kutetemeka. Nilipotaka kubonyeza aliniambia mikono mapajani. Nikasoma, hamna kosa. Soma tena. Mahali pa kumi na tisa nilikuwa nimeweka 6 palipotakiwa b.

Saa tisa kasoro dakika nane ukurasa wa kliniki ulifunguka. Muuguzi alitafuta jina la mtoto mmoja, akaliona pamoja na sindano zake zote, akacheka huku anafuta machozi. Nimefanya kazi jengo moja na madaktari wa upasuaji kwa miaka tisa, lakini utulivu wa namna ile sijauona kwa mtu mwingine. Mwili ulinisisimka, na nikiukumbuka bado unanisisimka.

Katika taarifa aliandika kuwa kitengo kilisahau kurekebisha orodha, akasaini yeye kama mkuu wa kitengo. Barua ya onyo ikaja kwa jina lake. Aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili, akaenda kunywa chai. Mimi nilinyamaza mwaka mzima.

Wiki iliyopita nilimwandikia mkurugenzi yote haya, pamoja na uongo wangu wa Ijumaa. Nililaza mikono mapajani, nikasoma kwa sauti, nikasoma tena, ndipo nikabonyeza. Jana barua ile ilihamishiwa kwenye faili langu.

Ahsante, Bi Somatena. Nenda ukapumzike, afya iwe tele, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Maisha yako ya mbele yawe mema kama unavyostahili. Faili lako unaondoka nalo likiwa na barua kumi na nne tu. Lisome, kisha ulisome tena.