Pazia la Maporomoko

Kijiwe cha kahawa kiko mbele ya studio ya picha ya Mahona, mjini Bariadi, na asubuhi hiyo hakikuwa na ajenda nyingine ila safari yake. Mwaliko ulikuja kwenye simu: wiki tatu Aislandi, kupiga picha za milima na barafu. Miaka kumi na tisa ya kupiga picha za paspoti, ubatizo na harusi ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Sharti lilikuwa moja, na hilo hakumwambia mtu: kabla ya jioni hiyo atume picha kumi za nchi ya kwao. Alishapekua makasha yote ya picha na hakupata hata moja.

— Flashi, usiende na katambuga, alisema Injinia, fundi pikipiki, akimwita Mahona kwa jina la kijiweni. Kule ardhi inachemka. Tairi litakuyeyukia mguuni.

— Ardhi ya barafu inachemka? Acha fiksi.

— Juu barafu, chini moto. Nimeona Yutyubu.

— Na kiangazi jua halizami, alidakia Ticha Marcelo, mwalimu mstaafu. Sasa mwanaume anarudi nyumbani saa ngapi?

— Harudi. Ndiyo maana wako wachache.

— Ng'ombe wao wanakunywa yale maji ya moto. Unakamua maziwa yameshachemka.

Mahona alicheka kicheko cha mdomoni tu. Aliwachukia kidogo kwa kumfikisha huko kwa maneno wakati yeye, bila zile picha kumi, hatoki Bariadi.

Ndipo akaja Milembe wa Dutwa, kanga begani, akasalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka.

— Mwangaluka, mayu, waliitikia, wakimwita mama.

— Kaka Mahona, ngitili ya baba, yale malisho yetu ya kiangazi yenye miti, kaka zangu wamefyeka yote. Wamepanda pamba. Wanangu hawaamini kwamba palikuwa na msitu. Si ulitupigia picha za harusi palepale? Nipe picha niwaonyeshe.

Mahona aliingia ndani, akarudi nayo. Bibi harusi anatabasamu, na nyuma yake maporomoko ya Ulaya yanamwagika kutoka mlima wenye theluji. Lilikuwa pazia lake la kuchorwa. Alilibeba kwa baiskeli Dutwa, Maswa, hadi Kiloleli, na kila alipofika alilitundika mbele ya kilima au miti, watu wapendeze; ndivyo zilivyo picha zote za makashani. Walilipenda. Yeye alilipenda kuliko wote.

Milembe aliishika picha kwa mikono miwili. Juu ya kamba ya pazia, pembeni, kulichungulia tawi moja la mgunga. Aliligusa kwa kidole.

— Nilikuwa nimegeukia kamera siku nzima, alisema. Hapa nyuma ya pazia palikuwaje?

Ticha Marcelo alimgeukia Mahona.

— Flashi, wewe ulikuwepo. Mwambie dada.

Mahona alikuwepo. Alikumbuka migunga miwili aliyoifungia kamba, na jinsi alivyolivuta pazia lisiwe na mkunjo hata mmoja. Zaidi ya hapo hakukumbuka kitu, na ilimuuma. Milembe bado alikuwa amesimama, anangoja.