Namba Tisa ya Mama Tusekile

Tarehe 30 Juni, Mama Tusekile Mbonile anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya intaneti hapa Tunduma kwa miaka ishirini na sita. Alianza kwa kupanda minara akiwa na gauni juu ya suruali, maana nyumba ya mama mkwe wake ilitazamana na mnara.

Kilichompa jina ni mti. Kila kifaa chetu kina taarifa zake: chaji ya betri, joto la chumba, na kadhalika. Zote hupangwa kama mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini, kila tawi na namba yake. Ukitaka chaji ya betri ya mnara wetu wa Ihanda, unashuka kutoka shinani namba kwa namba bila kuruka hata moja. Mama aliufundisha kama ukoo wa kwao Ileje: mgeni kazini humtaja babu, kisha baba, ndipo ajitaje mwenyewe. Aliyemsahau babu hakupewa nywila. Wengine tulipiga simu nyumbani kuuliza, jamani.

Hezron, sasa mkuu wetu wa kitengo, hapendi mapengo. Ihanda ilipopata betri mpya yenye namba mpya, ile namba ya betri iliyotupwa akakipa kipimajoto. Kompyuta ya Tunduma inayokagua minara haikuambiwa. Ikauliza namba ya zamani, ikajibiwa ishirini na nne, ikadhani ni volti, ikaridhika kwamba betri ni nzima. Kumbe ni nyuzijoto za chumba! Betri mpya ikaisha chaji bila onyo, mnara ukazimika Jumamosi ya harusi moja ya hapo Ihanda, na ndugu wa bibi harusi waliokuwa wakitazama kwa simu kule Itumba, Ileje, wakaambulia duara linalozunguka.

Mama hakufoka. Alisema tu: “Hezron, namba ya marehemu hairithiwi. Iache.” Ikawa sheria yetu.

Mafundi nao tuna matawi, na vifaa vya kila mmoja viko chini ya namba yake. Ya Mama ni tisa. Miezi hii amekuwa akipitapita kuuliza kama fundi mpya, Angel, atapewa tisa, halafu anajidai anatafuta kikombe. Tunajua anachoogopa: mahali pake pazibwe kana kwamba hakuwahi kuwepo. Imetuuma kumwona hivyo.

Basi soma hapa, Mama. Angel amepewa kumi na saba, na vifaa vimehamia huko. Kwenye tisa Hezron ameandika mwenyewe: Tusekile Mbonile, amestaafu, isitumiwe tena. Hujafa, umestaafu tu, lakini sheria ni yako.

Asante kwa yote. Kapumzike kwenu Itumba, ufurahi na wajukuu, uishi miaka mingi. Pengo lako Hezron ameahidi kuliacha hivyohivyo.