Mama Lenzi na Stempu ya Fundi Cherehani

Imepita! Stempu ya fundi cherehani imepita, sahihi zote saba zimetiwa, na gurudumu la cherehani limekaa mahali pake, mkono wa kulia!

Haya, sasa ndiyo nawasalimu. Hamjambo nyote wa Posta, wa madirishani, wa magunia, wa ghorofani na wa magari. Mimi ni mama mzazi wa Mama Lenzi wenu, mkuu wa kitengo cha stempu za kumbukumbu, ambaye Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya kazi. Aliyepangiwa kuandika wasifu huu ni msaidizi wake. Alikuja nyumbani kuniuliza mambo mawili matatu, nikamweleza mpaka chai yake ikapoa mara mbili, akafunga daftari akasema, "Bibi, haya hayaniingii kwenye ukurasa mmoja. Andika mwenyewe." Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini kalamu naijua, na huyu mtoto wa miaka sitini namjua zaidi.

Alianzia chumba cha kupanga barua. Wenzake walisoma anwani, yeye akawa anatazama stempu, mpaka msimamizi akachoka akasema huyu apelekwe huko huko kwenye stempu zake. Huko akapewa lenzi ya kukuzia, na tangu siku hiyo jina tulilompa mimi na marehemu baba yake likaenda likizo.

Labda wengine wenu mnadhani stempu ya kumbukumbu hupigwa chapa tu kama tiketi. Thubutu! Mimi nimesimuliwa mezani miaka yote hii, naweza kufundisha. Kwanza wananchi wanaandika mapendekezo. Huyu anataka daraja, yule anataka ndege, mmoja aliwahi kuleta picha ya ng'ombe wake, na barua ndefu ya kumsifu. Kamati inakaa, inachagua. Mchoraji anachora picha kubwa kama sinia, kisha inapunguzwa mpaka inaenea kwenye kidole gumba. Zinatoka karatasi za majaribio, na hapo ndipo binti yangu anapoinama: rangi, herufi, bei, vitundu vya pembeni. Watu saba hutia sahihi, yeye wa mwisho. Asipotia, mtambo hauwashwi. Mnasikia? Mtambo mzima, na mafundi wake wenye makoti, wanamsubiri mtoto wangu mimi mshona nguo!

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu nimemsifu tangu anatambaa na maji hajatia hata tone.

Mwaka wa mvua zile kubwa, unyevu uliingia ghalani, karatasi mia mbili za stempu zikagandana siku tatu kabla ya uzinduzi. Watu wakashika vichwa. Yeye akazifunga kwenye nailoni akazitia kwenye jokofu la kantini, maana baridi huilegeza gundi. Asubuhi mpishi akafungua, akakuta mzigo umelala juu ya samaki wake, akatoka mbio na mwiko: "Mama Lenzi! Leo wateja wangu wanakula barua?" Karatasi zilibanduka zote isipokuwa nne, na mpishi akadai naye aandikwe kwenye kamati.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukuu wa kitengo aliupata mwaka jana tu. Kabla ya hapo alikagua stempu za wakubwa wake, na siku ya uzinduzi akawashikia wino. Kwenu kuna desturi: anayesimamia stempu ndiye hugonga muhuri wa siku ya kwanza kwenye bahasha ya kwanza, watu wote wakitazama. Mwaka huu ikaja seti ya kazi za mikono, seremala na fundi cherehani, pendekezo lake mwenyewe. Ya kwanza kuisimamia, na ya mwisho. Uzinduzi ukapangwa Jumatano tarehe ishirini na nane, zikiwa zimebaki siku mbili tu za ajira yake. Mimi nikashona gauni la buluu, nikawatangazia majirani mpaka wakaanza kunikwepa.

Karatasi za majaribio zikaja zikiwa na sahihi sita. Akaweka lenzi. Gurudumu la cherehani liko kushoto kwa fundi, na cherehani zote gurudumu liko kulia! Mchoraji akaeleza kwamba aliigeuza picha ili fundi amtazame seremala, asimpe mgongo. Bosi wao akamwambia kwa upole, "Mama Lenzi, kitu kidogo kama ukucha. Nani ataliona gurudumu?"

"Mama yangu," akajibu, na kalamu hakuishika.

Kuchora upya na kupiga chapa upya maana yake uzinduzi kuvuka siku yake ya kustaafu. Na mstaafu haruhusiwi kushika muhuri, sheria haina mjomba wala shangazi.

Nitasema kweli, siku hiyo aliyemgombeza ni mimi. "Tia sahihi!" nikamwambia. "Fundi ni mimi, na mimi nimesamehe! Miaka yote unawashikia watu wino, leo zamu yako unaitupa?"

Akavua viatu, akakaa. "Mama, mteja akuletee suti ya harusi, mkono mmoja uushone kinyume. Utamwambia ukumbini asiuinue?"

Maisha yangu yote nimefumua mishono ambayo hakuna ambaye angeiona, na yeye alikuwa chini ya meza akiokota vifungo, ananitazama. Ningemlaumu vipi?

Basi muhuri atagonga msaidizi wake, naye amefundishwa mkono usitetemeke. Binti yangu atasimama nje ya dirisha kama mteja yeyote, na bahasha yake ndiyo itakayogongwa ya kwanza. Barua iliyomo ameniandikia mimi. Nimejaribu kuichungulia, amenifukuza.

Wana Posta, asanteni kwa kunitunzia mtoto. Mlimpokea msichana, mnanirudishia bibi wa wajukuu watatu, na macho yake bado yanaona kuliko yenu nyote. Mwanangu, pumzika kwa furaha, ulale mpaka jua likuchoke, na Mungu akuzidishie miaka. Muhuri hutaugonga, lakini stempu ni yako, na atakayebisha aje aniambie mimi.

Wengine wote nawataka kwenye foleni nyuma yake, na watoto wenu, na nguo zenu nzuri. Posta kuu, dirisha namba moja, saa tatu kamili asubuhi, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi ujao.