Mzee Shimo Anatuachia Hatua ya Tisa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuchimbia watu mashimo, Mzee Shimo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Wasifu huu waliombwa kuuandika watu wawili wenye shahada zao, wote wakadai wamebanwa na kazi. Basi ameuandika bibi wa chai na usafi. Mtausoma hivyo hivyo.

Kwa mgeni asiyemjua, Mzee Shimo ndiye mchoraji wa hatua za gemu yetu, zile njia ambazo kindi mwekundu anakimbia mbio, anaruka, anadandia, anatumbukia. Alianza kazi ofisi ikiwa vyumba viwili na kompyuta nne, moja haiwaki. Leo amechora hatua mia mbili na kumi na nne. Watoto wa watu wamelia kwa ajili yake, na mama zao pia.

Mwanzoni nilimdhania mwizi wa vijiko. Kila asubuhi alichukua kimoja jikoni, akawa anagonga ukingo wa meza huku kindi akikimbia: ruka, ruka, pumua, ruka. Kijiko kikijikwaa, hatua ni mbovu, anaifuta yote. Siku moja nilifungua droo yake nikakuta vijiko kumi na saba. Alisema bila haya kwamba alikuwa ananitunzia.

Maelekezo hayataki kabisa. "Maandishi ya nini, kwani watu wamekuja kusoma?" Anakuwekea kwanza kishimo kifupi, unaanguka, unatoka. Mbele unakutana na shimo lile lile, sasa lina miiba. Mbele zaidi unalikuta tena, na wewe umeshika kasi. Unaruka, na hujui nani kakufundisha. Shule ingenifundisha hivyo, ningemaliza. Na kindi akifa, anafufuka papo hapo, kabla hujapata muda wa kununa.

Hatua mpya alinijaribishia mimi, kwa sababu sikuwahi kushika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Hakutazama skrini, alitazama vidole vyangu. Nikianguka kwa uzembe wangu, nanyamaza narudia. Nikidanganywa, napiga kelele, "Uonevu!" Yeye anaandika. Siku hizi vijana wanaliandika neno hilo ubaoni kwenye vikao vyao. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Sasa hii hatua ya tisa ya gemu mpya. Ndiyo aliyotaka kuagia nayo. Ndani ya maporomoko ya maji, pale kindi anapotua, aliweka msumeno usioonekana. Kila mtu alikatwa. Bosi akasema msumeno ukibaki, hatua nzima inatolewa. Mzee wa watu akasusa. Wiki mbili alikula peke yake, akinung'unika kwamba leo hii anafundishwa kuruka. Vijana wanamwita mwalimu, nani amwambie?

Nilikaa kuicheza, nikakatwa mara ishirini. "Haya, sema," akaniambia. Nikamwambia ni uonevu, tena uonevu wa mtu mzima, maana anajua anachofanya.

"Bibi, nataka wanikumbuke."

"Watakukumbuka kwa matusi."

Hakunisalimia siku mbili. Siku ya tatu akaniita. Msumeno ulikuwa pale pale, ila maji yalikuwa na mwanya mdogo, na kabla hujaruka chuma kinametameta mara moja tu. Aliyetazama amepona. Aliyekimbia kipofu ajilaumu. Bosi aliicheza mara tatu, akaipitisha. Hatua ya tisa imo.

Juzi dada wa mapokezi, ambaye gemu haijui hata kidogo, alihangaika nayo mapumziko yote ya mchana, akaimaliza. Mlango wa hatua ya kumi ukafunguka mbele yake. Akauacha, akaianza tena ya tisa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake. Alitoka akaenda kunawa uso. Anasema ni vumbi. Chumba kile nakifuta mimi kila siku, vumbi halimo.

Asante, Mzee Shimo, kwa kazi na kwa ubishi. Nenda ukapumzike, mkeo apate mtu wa kumtuma sokoni, na wajukuu ukicheza nao uwaache washinde siku mojamoja. Afya iwe njema, magoti yasikusumbue, na ukitukumbuka uje. Chai ipo.