Ndugu Josephati Hhando na Ngozi ya Magadi

Tarehe 30 Juni 1986 Ndugu Josephati Hhando, mpimaji wa maji wa kituo chetu hapa Karatu, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane kazini. Alikuja mwembamba na anaondoka mwembamba; makande yangu mimi mpishi wenu hayakumsaidia kitu.

Alianza mwaka 1958 kwa kubeba chupa. Baadaye akakabidhiwa kile kifaa cha mshale ambacho wengi wenu mnakiogopa. Kazi yake si ya ajabu: fito mbili za chuma zinatumbukizwa majini, na mshale unaonyesha umeme unapita kwa urahisi gani. Chumvi ikiwa nyingi, mshale unapanda. Kifaa hicho alikitunza kuliko mwili wake. Gari liliponasa njia ya Digodigo, alishuka kwenye tope kifaa kikiwa kichwani, akatoka na kifaa kikavu na mguu mmoja hauna kiatu. Kiatu kiko huko mpaka leo.

Lakini mimi nataka kusema la Julai 1982. Ililetwa hapa chupa ya maji ya mfereji wa Mang'ola. Josephati akayapima asubuhi tatu, na kila asubuhi mshale ulipanda. Mkuu wa wakati ule akaandaa barua: maji yana chumvi, yanaua ardhi, mfereji ufungwe. Basi wale watu wa vitunguu wangekula nini, mawe?

Mama Lusia, mkulima wa huko, akadandia lori la vitunguu mpaka mlangoni petu, mikono kiunoni.

"Josephati, maji haya ndiyo ninayokunywa. Kama yana chumvi, mbona mboga yangu naitia chumvi ya dukani?"

Mkuu akacheka. Josephati hakucheka. Alionja maji ya ile chupa, akasema, "Mama, nipe mpaka kesho."

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa umeziba madirisha. Josephati akazining'iniza zile fito hewani, kavu, hazigusi maji wala chochote. Mshale ukapanda vilevile! Akakitazama kibao cheusi cha kile kifaa, pale nyaya za zile fito mbili zinapofungwa kwa skrubu. Kilikuwa na weupe mwembamba, kama unga uliopeperuka. Akakipulizia pumzi ya mdomo, mshale ukaruka. Jua lilipotoka akakianika, ukalala. Kisha akaja jikoni kwangu, akachukua bonge kavu la magadi ninayolainishia maharage, akalibana katikati ya nyaya mbili. Mshale haukutikisika.

Hapo akatueleza, nami ambaye darasa nililiona kwa nje nikaelewa. Magadi nayo ni chumvi, na chumvi ina chembe zinazobeba umeme, lakini ndani ya bonge kavu zimebanana, hazina pa kupita. Njia yao iko juu, kwenye ngozi, hasa ikipata unyevu. Bonge lina ngozi kidogo na tumbo kubwa. Ganda jembamba, kama ule weupe wa kibao, karibu lote ni ngozi. Ukungu ukiligusa, umeme unatembea juu yake kutoka skrubu hadi skrubu, na mshale unawasingizia watu wa Mang'ola.

Akakiosha kibao kwa maji ya mvua, akakikausha, akapima upya. Maji yalikuwa mazuri. Barua ikachanwa. Mama Lusia, aliyekuwa amerudi kusikia jibu, akakaa palepale sakafuni, akalia, halafu akadai chai.

Sasa weupe ule ulitoka wapi? Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu, mnakumbuka. Sufuria nilizisugua kwa magadi, na kwa kitambaa hichohicho nikafuta meza za ofisi, na kibao nikakipitia. Mkuu alipouliza nani kakichafua, Josephati alijibu, "Kifaa changu, kosa langu." Akapewa barua ya onyo, na cheo kikampita miaka mitatu. Kwangu alikuja akasema tu, "Mama Marsela, kitambaa cha sufuria kikae na sufuria." Nikamwambia nakwenda kusema ukweli. Akanizuia: "Wewe watakufukuza. Mimi watanikasirikia tu." Nikanyamaza miaka minne, na kunyamaza si kazi ninayoiweza, mnanijua.

Wiki iliyopita nilimwendea mkuu wetu wa sasa, Ndugu Naftali, nikamwaga yote bila kukaa. Alifungua faili, akaitoa ile barua ya onyo, akaandika kwa mkono wake kwamba Josephati hakukosa. Mimi nikaambiwa nirudi jikoni, maharage yanaungua.

Kwa hiyo, Ndugu Josephati, usinikasirikie; hili unalisikia leo pamoja na wenzako. Ahsante kwa kila mfereji uliobaki wazi, na kwa mgongo wako ulioniwekea mbele. Rudi kwako Oldeani kwa heri, Mungu akupe afya na miaka mirefu ya raha. Unaondoka na jina safi, nami hatimaye nimepumua.